Kigoda cha Kuonjea Rangi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Ukungu, na jina hilo halikuhitaji mkalimani. Alipowasha kompresa na kuinua bunduki yake ya kupulizia rangi, wingu lilifumka uani na yeye akapotelea humo humo, zikabaki kuonekana ndala mbili na mpira mrefu unaojiburuta nyuma yake. Wingu likitulia, palipokuwa na kiti kilichochoka pakasimama kiti kipya. Watu waliohama nyumba walimwachia vitu walivyoona haya kuvipakia garini mchana kweupe: meza zenye alama za vikombe, vitanda vilivyochorwa na watoto kwa misumari, makabati yaliyovimba kwa unyevu. Yeye alivipiga msasa, akaziba nyufa, akavipaka rangi, na mara nyingi mwenyewe alipopita akauliza bei ya kabati lake bila kulitambua.

Alikuwa na siri moja, na siri hiyo ilikuwa kubwa kuliko ua lake. Fundi Ukungu hakuwa anaona rangi zote. Si kwamba alikuwa kipofu, la. Ufa mwembamba kuliko unywele aliuona akiwa mlangoni. Bluu aliiona, njano aliiona, nyeupe na nyeusi hazikumsumbua hata kidogo. Lakini kijani, nyekundu na kahawia kwake walikuwa ndugu watatu wa tumbo moja waliovalishwa sare, na tangu azaliwe hakuwa na siku aliyojua kwa hakika yupi ni yupi. Alipokuwa anajifunza kazi, bwana wake alimfukuza kwa kupaka benchi la watu rangi isiyo yake, akamwita kipofu mbele ya wateja. Tangu hapo aliapa kwamba neno hilo halitamtoka mdomoni wala kuingia tena masikioni.

Aliyeigundua siri hiyo ni mkewe, wiki ya kwanza ya ndoa. Fundi alimletea kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri kwenye karatasi.

"Kijani, kama unavyopenda," akamwambia.

Bibi arusi alikitazama kitambaa, akamtazama mume, akakitazama tena kitambaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Fundi alikaa naye pale sakafuni akamweleza yote, na mkewe akaacha kucheka. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Kesho yake alichukua kigoda, akakiweka kando ya mlango wa banda la kazi, akakikalia. Hakukiacha kwa miaka thelathini na moja.

Kazi yao ilikwenda hivi. Fundi alichanganya rangi kwenye kopo, akachovya kijiti, akapaka tone moja kwenye kigoda, mguuni au ukingoni, popote palipobaki nafasi. Kisha aliuliza, "Ni yenyewe?" Mkewe aliinama akalitazama lile tone, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado imechoka. Tia njano, matone mawili. La tatu usithubutu."

Fundi alitia, akakoroga, akapaka tena, akauliza tena. Bado. Bado. Na mwisho kabisa: "Ni yenyewe." Hapo ndipo kompresa iliwashwa. Kwa miaka yote hiyo mwanamke yule hakuwahi kusema "ni yenyewe" kwa rangi ambayo si yenyewe, hata siku aliyokuwa na homa. Waliwahi kununiana siku tatu kwa sababu ya maneno ya wifi, hawasalimiani, na hata hapo alikaa kwenye kigoda chake akasema "bado" mara kumi na moja mfululizo. Fundi alidhani ni ukorofi tu, akakoroga kwa hasira mpaka kijiti kikavunjika. Ya kumi na mbili ikapita, na mteja aliyekuja kuchukua kitanda chake alikaribia kulia kwa furaha.

Rangi zilizobaki alizihifadhi mke mwenyewe. Kwa kuwa karatasi za makopo huchafuka na kudondoka, alifunga uzi kwenye mkono wa kila kopo: fundo moja ni nyekundu, mafundo mawili kijani, mafundo matatu kahawia. Mumewe alipapasa tu, akajua. Fundi naye alimwita Mboni, yaani mboni ya jicho lake. Majirani waliwacheka, mtu mzima na mvi zake kumwita mkewe kwa deko namna ile mbele za watu. Hawakujua kwamba mzee wa watu alikuwa anasema ukweli mtupu.

Mboni alifariki miezi saba iliyopita. Aliugua siku tisa tu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila kifo kilichotaka kumuumbua Fundi Ukungu hakikuwa chake. Baada ya matanga alirudi bandani, akasimama mbele ya makopo, akaona hana wa kumuuliza. Basi kila kilichotoka uani kikatoka cheupe. Au cheusi. Siku ya uchangamfu sana, bluu. Mshona viatu wa geti la pili, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kifuniko, aliutangazia mtaa kwamba msiba umemwingia fundi mpaka kwenye bunduki. Watu walimhurumia, wakapokea vitu vyao vyeupe, wakashukuru. Wenye kutaka rangi nyingine wakaanza kupeleka vitu kwingine, taratibu, bila kumuaga.

Upweke nao ulikuwa na tabia zake. Asubuhi alijikuta ametoa vikombe viwili, akarudisha kimoja. Kile kigoda hakukisogeza. Alikizunguka, hata akiwa amebeba meza kichwani, kana kwamba mtu amekikalia na itakuwa utovu wa adabu kumpita karibu. Kompresa aliiacha ikinguruma hata kazi ilipokwisha, kwa sababu ilipozimwa ua ulinyamaza ghafla na kimya kile kilimuuma. Ulikuwa upweke wa mtu aliyezoea kujibiwa.

Walizaa mtoto mmoja tu, wa kike, aliyeolewa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari. Alipiga simu kila Jumapili. Walizungumza hali ya hewa, afya, wajukuu, kisha wakaagana. Jumapili moja binti akasema, "Baba, nataka kuomba kitu. Lile kabati la mama, la droo nne. Naomba nilichukue."

"Chukua, mwanangu. Ni lako."

"Ila nalitaka kwa rangi yake ile ya zamani. Ile kijani ya jani changa la mgomba. Mama alikuwa anaipenda sana, na kwangu mimi ndiyo mama mwenyewe. Nikifumba macho namwona anafungua droo ile ya juu. Utanipakia, baba?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? "Nitakupakia, mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita bintiye tangu akiwa mchanga.

Kabati lile walilinunua kuukuu mwaka wa harusi, limelemaa mguu mmoja, na ndilo la kwanza kabisa kupita kwenye bunduki yake. Baadaye lilipakwa tena na tena kadiri mitindo ilivyobadilika. Sasa rangi ilikuwa imepasuka na kujikunja. Fundi alichomoa droo, akafungua vishikizo, akaviloweka. Akapiga msasa siku mbili, kwanza ule mkali, kisha laini, akibandua tabaka moja baada ya jingine. Mahali fulani chini ya vidole vyake ile kijani ilitokea na kupotea, hilo alilijua, na hakuweza kuiona. Aliona vivuli tu, kimoja cheusi zaidi, kingine chepesi. Alikaa chini na kipande cha msasa mkononi akatokwa na machozi, akasingizia vumbi ingawa hapakuwa na wa kumdanganya.

Kisha akayakumbuka makopo. Alipanda kwenye stuli, akapapasa rafu ya juu kabisa alikoweka Mboni vitu vyake vya akiba. Kulikuwa na kopo moja lililofungwa vizuri, zito, limejaa zaidi ya nusu. Akapapasa uzi. Fundo moja. La pili. Zaidi ya hapo palikuwa na donge la rangi iliyokauka. Mawili! Moyo ulimruka. Mboni alikuwa amemwekea kijani yake, kama aliyejua kwamba siku hii itakuja.

Alifungua kopo, akakoroga, akapunguza uzito kwa tina. Kwa mazoea tu alichovya kijiti, akainama, akapaka tone kwenye mguu wa kigoda.

"Ni yenyewe?"

Ua ukanyamaza. Alingoja kidogo, maana Mboni hakuwa mtu wa haraka. Kisha akauchukulia ule ukimya kuwa ni ndiyo, akavaa barakoa, akawasha kompresa. Alipuliza mkono wa kwanza wa rangi, mwepesi, akauacha ukauke; wa pili, wa tatu. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Hapakuwa na mchirizi, hapakuwa na vumbi, pembe zote zimenyooka. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba alizima kompresa mara tu alipomaliza.

Binti alikuja Ijumaa, na Fundi akamkodia pikapu ya jirani aliyeitwa Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kwenda taratibu tangu apate leseni. Kabati lilikuwa katikati ya ua limefunikwa shuka. Fundi alilivuta shuka kwa madaha, kama mtu anayefunua pilau la wageni, akasema, "Kijani ya mama yako hiyo. Jani changa la mgomba. Ni yenyewe?"

Binti alilitazama kabati. Akamtazama baba. Akalitazama tena kabati. Alisogea akaweka kiganja juu yake, akakipitisha mpaka mwisho wa ubao, polepole, na uso wake akaugeuzia ukutani.

"Ni yenyewe, baba," akasema.

Fundi aliona mabega yake yakitetemeka, akadhani anamkumbuka mama yake. Akamshika bega. Walikunywa chai, binti akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamuuliza kama anakula vizuri, kama anaona vizuri, kama hahisi kuchoka. Kabla ya kupanda gari alimkumbatia, akachelewa kumwachia.

Taratibu alirudi kesho yake asubuhi, akaegemea geti akichokonoa meno.

"Mzee, mzigo umefika salama. Ile kahawia imetulia bwana! Majirani wa bintiyo wote walitoka kuishangaa."

"Kahawia ipi?"

"Ya kabati. Kwani nilibeba mangapi?"

Fundi alikuwa anakunja mpira wa kompresa. Aliendelea kuukunja. "Kahawia," akasema.

"Kahawia, kama chungu. Ila bintiyo, mzee, pole yake. Alilia njia nzima. Nikamwambia, dada, mama amepumzika, jikaze. Akanijibu, leo simlilii mama, namlilia baba. Nikamwambia mbona mzee nimemwacha ana afya yake, anakunja mpira! Wanawake bwana."

Taratibu alipoondoka, Fundi alipanda stuli akalishusha lile kopo. Alikalia tofali, kopo mapajani, akaanza kukwangua donge la rangi kwenye uzi kwa ukucha wa gumba. Lilitoka kidogo kidogo. Ndani yake, limekauka na kuwa gumu kama punje ya mahindi, mlikuwa na fundo la tatu.

Kosa lenyewe halikumuuma. Fundi gani hajawahi kukosea? Kilichomuuma ni lile neno, "Ni yenyewe, baba." Kumbe mwanawe alisimama pale, akaona kahawia, akasikia baba yake akiiita kijani, akaelewa mara moja kwamba haioni. Na alipoelewa akamwonea huruma, akamdanganya kama wanavyodanganywa wagonjwa na watoto. Fundi alijisikia mpweke kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi alijua amepoteza mke, na leo alijua kwamba duniani hakubaki hata mtu mmoja atakayemwambia "bado". Kuanzia sasa watasema nzuri, mzee, nzuri sana, mpaka naye alazwe karibu na mkewe.

Aliisafisha bunduki kwa tina, mdomo, sindano na kikombe, sehemu moja moja. Akaipaka mafuta kidogo, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni. Siku tatu geti halikufunguliwa, na hata simu ya Jumapili hakuipokea. Mshona viatu alibisha mara mbili, Fundi akamjibu kutoka ndani kwamba anapumzika. Ndani, Fundi alikaa akitazama ua kupitia dirisha. Hakuwa na hasira tena, alikuwa ameishiwa tu. Alijiambia kazi imekwisha, afadhali aimalize mwenyewe kuliko kumalizwa na huruma za watu.

Siku ya nne aliondoka dirishani akaenda kukisogeza kigoda. Alitaka kukiingiza ndani na kufunga banda. Alipokishika miguu, vidole vyake vilikutana na matone, mamia, moja juu ya jingine, magumu kama upele. Miaka thelathini na moja ya bado. Akakaa chini palepale. Akakumbuka zile kumi na moja za siku ya kununiana. Hata alipomchukia, Mboni hakumdanganya. Fundi akachukua simu, ingawa haikuwa Jumapili.

"Baba? Kuna nini?"

"Kabati lako ni rangi gani?"

Fundi alisikia wajukuu wakigombana nyuma, mlango ukafungwa, sauti zao zikapotea.

"Ni kahawia, baba."

"Mbona ulisema ni yenyewe?"

"Sasa ningesemaje? Ulikuwa umefurahi hivyo. Ningekuvunja moyo."

"Ungesema bado." "Mama yako ameniambia bado maisha yake yote, na moyo haukuvunjika. Umevunjika ulipokubali."

Kisha akamweleza: benchi, bwana wake wa zamani, kitambaa chekundu, kigoda, mafundo. Alieleza kila kitu, akiwa amekaa chini kwenye vumbi la msasa, na alipomaliza alisikia jasho likimtiririka mgongoni kama aliyebeba makabati kumi.

"Miaka yote hiyo," binti akasema. "Na mimi nilidhani mama anapenda tu kukaa nje."

"Alipenda pia."

"Na wewe, baba, ungenyamaza mpaka lini?"

"Lirudishe kabati," akasema. "Sitaki uishi na uongo wangu chumbani kwako. Uje nalo, unikalie hapo mlangoni siku moja. Siku moja tu."

Alikuja Jumamosi iliyofuata. Taratibu alilishusha kabati akilalamika kwamba watu wa familia hii hawajui wanachokitaka. Binti alichuchumaa mbele ya kigoda, akakigeuza polepole, huku akigusa tone moja baada ya jingine. "Hii pinki ndiyo ya kitanda changu cha utotoni," akasema. "Na hii nyekundu... viti vya nyumbani kwa shangazi. Baba, ulikuwa unajua hapa pana zambarau?"

"Bluu," akasema Fundi.

"Zambarau."

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu.

Walipiga msasa pamoja mpaka binti akaona alichokuwa anakitafuta: kwenye pembe ya droo ya juu, chini ya tabaka zote, alama ndogo kama ukucha. "Hii hapa," akasema. "Usiiguse." Fundi alisogeza uso akaitazama. Kwake ilikuwa kivuli tu kati ya vivuli. Aliitazama muda mrefu hata hivyo, kwa kuwa mkewe aliipenda.

Kisha akaitoa bunduki sandukuni. Akaweka kopo jipya magotini, akachanganya alivyodhani, akakoroga. Kesho jioni binti angeondoka, na vikombe viwili vingerudi kuwa kimoja. Hilo walilijua wote na hawakulisema. Binti alikaa kwenye kigoda, magoti yamepanda juu, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko mama yake. Fundi alichovya kijiti, akatafuta nafasi kwenye ukingo, akapaka tone moja karibu na mkono wa mwanawe.

"Ni yenyewe?"

Binti aliinama. Akalitazama tone, akainuka akalipima na ile alama kwenye droo, akarudi akakaa. Fundi aliyaona macho yake yakijaa, akaona mdomo unataka kufunguka useme neno la huruma. Mpira ulikuwa mkononi, kompresa imezimwa, ua wote kimya.

"Bado, baba," akasema binti.

Fundi Ukungu aliinamia kopo asionekane uso.

"Bado nini?" akauliza.